Brauza Sio Timu ya Mpira



Kuna ubishi hauishi kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Merti. Leo ni siasa, kesho ni ligi ya Uingereza, lakini haipiti wiki mbili kabla haujarudi huu: Opera au Chrome? Mmoja anaapa kwamba Opera Mini imemlea tangu enzi za kabambe na hataiacha. Mwingine anamcheka, "bado uko huko?" Wa tatu ana Tecno na hajawahi kutoka kwenye Phoenix aliyoikuta ndani ya simu siku ya kwanza, ukimuuliza sababu anakwambia "iko tu." Na yupo ndugu yetu mmoja wa Firefox, mpweke kama shabiki wa timu iliyoshuka daraja, ambaye hakosi kututumia ujumbe mrefu wa sauti usiku wa manane.

Nimeusikiliza ubishi huu kwa miaka sasa. Sijasikia mtu hata mmoja akiuliza lile swali ambalo lingefaa kuulizwa kwanza: hiyo brauza yako, jamani, ilisasishwa lini mara ya mwisho? Na simu yako bado inaruhusiwa kuisasisha?

Pale sokoni kwetu hakuna anayenunua mbuzi kwa rangi yake. Unafungua mdomo unaangalia meno, unashika mgongo, unamtembeza uone kama anachechemea. Lakini kile kitu tunachopitishia kitambulisho, paswadi, picha za familia na pesa tunakichagua kwa rangi. Nyekundu ya Opera, mviringo wa rangi nne wa Chrome, yule mbweha wa Firefox. Halafu tunakitetea kama ukoo.

Pengine utasema, ukurasa huu ni wa haki za Waislamu, mambo ya brauza yameingiaje? Yameingia hivi. Wazazi wetu walipigwa msasa miaka na miaka ili wapate kitambulisho cha nchi yao. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa msasa huo, alhamdulillahi. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2023, serikali ilikuwa imeshahamisha maelfu ya huduma kwenda eCitizen. Hati ya tabia njema, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, zote zinapita huko. HELB ni mtandaoni, KUCCPS ni mtandaoni. Kwa kijana wa Nairobi hilo ni jambo la kurahisisha maisha. Kwa kijana wa Merti, ambaye ofisi ya kweli iko mwisho wa barabara ndefu ya vumbi hadi Isiolo mjini, brauza ndiyo ofisi yenyewe. Mtu akiiba kilicho ndani ya brauza yako amekuibia faili lako lote, na wewe ndiye utakayepanda gari kwenda kulalamika.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Kitu cha kwanza ambacho mashabiki wengi hawakijui ni kwamba timu nyingi hizi zina injini moja. Chrome, Edge, Brave, Samsung Internet na Opera ya kawaida zote zimejengwa juu ya Chromium, ambayo Google ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi yake. Opera, iliyoanzia Norway, iliacha injini yake yenyewe mwaka 2013. Firefox bado ina ya kwake, na Safari ina ya Apple. Na wewe mwenye iPhone unayejigamba umeweka Chrome: kwa simu zinazouzwa huku kwetu, Apple inailazimisha kila brauza itumie injini ya Safari, hata iandikwe jina gani juu. Ni kama matatu mbili zinazoshindana barabarani, moja imechorwa simba, nyingine imechorwa tai, na chini ya boneti ni kitu kimoja. Tundu likipatikana kwenye injini, simba na tai wote wametobolewa. Anayepona ni yule aliyefika gereji mapema.

Na hapo ndipo kuna shida yetu kubwa, kubwa kuliko Opera na Chrome.

Brauza hupatikana na matundu kila mara. Google, Apple na Mozilla hutoa sasisho kila baada ya wiki chache, na mara nyingine sasisho la haraka kwa sababu tundu limeshaanza kutumiwa na wezi kabla halijazibwa. Siku sasisho linapotoka, tundu linakuwa si siri tena. Kila mwizi anaweza kulinganisha toleo jipya na la zamani akaona nini kilizibwa. Kwa hiyo aliyebaki nyuma yuko mahali pabaya kuliko jana yake, maana jana ni wachache tu waliojua mlango uko wazi.

Sasa sikiliza. Desemba 2023 Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 7. Agosti 2025, kuanzia Chrome 139, iliacha Android 8 na Android 9. Kama simu yako ni Android 9, Chrome yako ilisimama kwenye toleo la 138. Itafunguka, itasoma habari, itacheza video, haitakulalamikia. Lakini matundu yote yaliyozibwa tangu hapo, kwako bado ni matundu.

Ni wangapi kati yetu wana simu hizo? Angalia mkononi mwako. Simu zinazofika huku nyingi ni za mtumba, au ni za kaka mkubwa aliyenunua mpya akampa mdogo, mdogo akampa mama. Hakuna aibu hapo. Ila ujue una nini. Ingia kwenye mipangilio ya simu, shuka hadi "kuhusu simu," utaona toleo la Android. Ikiwa ni 10 kwenda juu, nenda Play Store uandike jina la brauza yako uone kama kuna neno la kusasisha, na ubonyeze. Ikiwa ni 8 au 9, basi hapa yule ndugu yetu mpweke wa Firefox ameshinda, na nitamruhusu atume ujumbe wa sauti mmoja wa kujisifu: Firefox bado inazikubali simu za Android 8 na 9. Iweke, hamisha mambo yako ya maana huko. Ikiwa ni 7 kushuka chini, simu hiyo ni ya kupiga, kupokea na kusikiliza mawaidha. Usiingize eCitizen humo.

Najua utasema bando. Ni kweli, sasisho linakula bando, na huku bando si mchezo. Lakini wale wale wanaoniambia hawana bando la kusasisha nawaona wanamaliza video fupi mia moja kwa usiku mmoja. Sasisha mara moja kwa mwezi. Ukienda Isiolo ukapata Wi-Fi, jambo la kwanza iwe hilo, kabla ya TikTok.

Na tafadhali tuache ile tabia ya kurushiana brauza kwa Xender. "Nirushie Opera yako." Faili uliyorushiwa hujui imetoka wapi, imepita kwa nani, ni ya mwaka gani. Apu ya kurushia yenyewe inaweza kuwa tundu: Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza udhaifu mkubwa ndani ya SHAREit, ambayo wengi wetu tulikuwa nayo.

Tuje kwa Opera Mini, maana najua mnaningoja hapo.

Ile brauza iliundwa kwa ajili ya watu kama sisi, na hilo silikatai. Ilikuja katikati ya miaka ya 2000, wakati simu zilikuwa za vitufe na mtandao wa kuvuta kwa kamba. Ujanja wake ni huu: wewe unaomba ukurasa, lakini simu yako haiendi kuuchukua. Seva ya Opera ndiyo inaenda, inauchukua, inaukamua maji, kisha inakutumia mkavu, mwepesi, kwa sehemu ndogo tu ya bando. Ndiyo maana kabambe iliweza kufungua kurasa ambazo haikustahili hata kuziota.

Lakini fikiri kidogo. Ili seva iukamue ukurasa lazima iusome. Hata ukurasa uliofungwa kwa usimbaji, ule wenye https, seva inaufungua katikati ya njia ndipo iufunge tena kukuletea. Opera yenyewe haikuficha jambo hili. Ilieleza kwamba anayetaka usimbaji kamili kutoka kwake hadi kwenye tovuti atumie brauza kamili. Ni kama kumtuma mtu barua ya siri na kumpa ruhusa aisome ili ajue namna ya kuikunja. Mjumbe anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini sasa kuna mtu wa tatu.

Na huyo wa tatu amebadilika. Mwaka 2016 Opera iliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China, Kunlun wakiwemo. Mwaka 2018 Opera hiyo ikaleta hapa Kenya apu ya mikopo ya OKash. Januari 2020 kampuni ya Marekani, Hindenburg Research, ikaitolea ripoti kali kwamba mikopo ile ilikuwa ya kunyonya watu. Tuwe waadilifu: Hindenburg ilikuwa ikipata faida hisa za kampuni zikianguka, na Opera ilikataa madai hayo. Lakini wewe uliyemwapia Opera Mini kwa miaka kumi na tano, ulijua kwamba nyumba iliyokupa brauza ya bure ndiyo iliyokuja kukuuzia mkopo wa riba? Mimi sisemi futa. Nasema ijue kazi yake. Kwenye kabambe, au kwenye Android ukiiweka katika hali ya kubana bando kabisa, Opera Mini ni ya matokeo ya mpira, habari, na hadithi. Mahali pa kuandika paswadi, hapana.

UC Browser sitakawia nayo. Mei 2015 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba ilikuwa ikivujisha mahali mtu alipo, anachotafuta na namba za utambulisho wa simu yake, baadhi bila usimbaji wowote. Majasusi wa nchi za Magharibi walikuwa wameshaligundua hilo na kulitumia, kwa mujibu wa nyaraka za Edward Snowden. India iliipiga marufuku Juni 2020 pamoja na apu nyingine 58 za China, ingawa hiyo ilikuwa na siasa za mpaka ndani yake. Kama bado unayo, itoe leo.

Phoenix, na kila brauza uliyoikuta ndani ya simu: swali ni moja, kwa nini iko hapo? Hakuna kitu kinachowekwa ndani ya simu ya shilingi elfu tisa kwa ajili ya ukarimu. Kuwa wa kwanza machoni pa mtu ni biashara. Mahakama ya Marekani ilionyeshwa kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo ya kutafutia kwenye Safari. Yule anayesema "mimi nimezoea Google tu" mazoea yake yamelipiwa. Na mwaka 2020 kampuni ya Upstream iligundua simu za Tecno W2 katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia ikiwemo, zikiwa na programu hasidi ambazo zilijaribu kuwaunganisha wenyewe na huduma za kulipia bila wao kujua. Kampuni mama, Transsion, ilisema mtoaji huduma fulani katika mlolongo wa utengenezaji ndiye aliyehusika. Kwa hivyo "iko tu" si sababu. Hiyo ndiyo sababu ya kuuliza.

Kuna ushabiki mwingine ambao nataka kuugusa kwa adabu, kwa sababu ni wetu. Ushabiki wa rangi ya kijani na mwezi mchanga. Mwaka 2019 kampuni ya Malaysia ilitoa brauza ya SalamWeb, kwa ajili ya Waislamu, yenye nyakati za swala, kibla na kichujio cha machafu. Wazo zuri. Lakini ndani yake ilikuwa Chromium ile ile, maana yake inahitaji fundi wa kuisasisha kila Google inapoziba tundu, na kampuni ndogo kufuata mwendo huo si kazi rahisi. Jina halizibi tundu. Na Novemba 2020 waandishi wa Motherboard walifichua kwamba data za mahali walipo watumiaji wa apu ya swala ya Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, zilikuwa zikienda kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilikanusha kuuza data kwa jeshi na ikakata uhusiano na X-Mode. Wewe ulifungua apu kuangalia saa ya Maghrib. Mtu mwingine alikuwa anaangalia umesimama wapi.

Kama unadhani naongea kwa hofu ya bure, kuna kisa kimoja ambacho kila kijana wa Kiislamu angepaswa kukijua.

Agosti 29, 2019, watafiti wa Google walitangaza kwamba kwa muda usiopungua miaka miwili, tovuti kadhaa zilikuwa zimetegwa. Mwenye iPhone akizifungua tu, bila kubonyeza chochote, bila kupakua, bila kuandika paswadi, programu ya ujasusi inaingia ndani ya simu kupitia matundu ya brauza. Ikishaingia inachukua picha, inachukua ujumbe wa WhatsApp na Telegram, inatuma mahali ulipo hadi mara moja kwa kila dakika. Siku chache baadaye Apple ikathibitisha: tovuti hizo hazikuzidi kumi na mbili, na zilihusu mambo ya jamii ya Uyghur, ndugu zetu Waislamu wa Xinjiang, China. Kampuni ya Volexity nayo ikaonyesha tovuti za Uyghur zilizotegwa kwa ajili ya wenye Android.

Tafakari ni nini kilitegwa. Hazikuwa tovuti za kamari wala za uchafu. Mtego uliwekwa ndani ya tovuti ambazo jamii ile inazisoma yenyewe kupata habari zake. Ule ushauri tuliozoea kupeana, "usibonyeze linki usiyoijua," haungewasaidia kitu, kwa sababu linki waliijua na waliipenda. Kilichosaidia ni kimoja: Apple ilikuwa imeziba matundu ya mwisho ya kisa hicho Februari 2019, kwa sasisho la iOS 12.1.4. Aliyesasisha siku ile, mtego ule ule haukumpata tena. Aliyesema "nitasasisha wikendi" aliendelea kufuatwa.

Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu, mtetezi wa haki za binadamu, yeye alitumiwa linki. Agosti 2016 alipata ujumbe wa simu ukimuahidi siri mpya kuhusu mateso ndani ya magereza ya nchi yake. Hebu niambie, ni mtetezi gani wa haki asingebonyeza? Walikuwa wamemsoma moyo. Yeye hakubonyeza, aliupeleka ujumbe kwa Citizen Lab, wakakuta linki ile ingepita kwenye matundu ya Safari na kuingiza Pegasus, programu ya kampuni ya NSO ya Israel. Apple ilitoa sasisho kwa simu zote duniani ndani ya siku chache. Mansoor mwenyewe alikamatwa mwaka uliofuata na akahukumiwa miaka 10. Mwaka 2018 Citizen Lab hao hao waliitaja Kenya miongoni mwa nchi 45 zilizokuwa na dalili za Pegasus.

Sisemi kuna mtu ametumia mamilioni ya dola kuifuata simu yako ya Merti. Wanaotufuata sisi ni wadogo, na wanatujua vizuri zaidi. Wanajua Ramadhani ikiingia tutatumiana "GB 50 za bure za Ramadhani." Wanajua kijana hapa anatafuta kazi Saudia au Qatar. Mwaka jana kijana mmoja wa hapa kwetu, simtaji, alijaza fomu ya namna hiyo kwenye ukurasa uliokuwa na bendera na nembo zote. Alitoa kitambulisho mbele na nyuma, picha ya uso, namba ya simu, na "ada ya fomu" ya shilingi 1,500. Kazi haikuja. Baada ya miezi miwili alianza kupigiwa simu za deni la mkopo ambao hakuuchukua, na mpaka leo anahangaika kuthibitisha kwamba si yeye. Wakala wa kweli wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao iko wazi. Iangalie kabla hujajaza.

Na ujifunze kusoma anwani. Sisi tuliopita madrasa tuna faida hapa, kwa sababu tumezoea kuanza kulia. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma, kulia kwenda kushoto. Ecitizen.go.ke inaishia na go.ke, ambayo hupewa taasisi za serikali tu. Lakini mtu akikuletea kitu kama ecitizen.go.ke.kitambulisho-bure.top, hicho nimekibuni kama mfano, mwenye nyumba ni yule wa mwisho kulia, wa ".top," na hayo maneno ya serikali ni pazia la mlangoni. Wala usidanganyike na alama ya kufuli. Kufuli linasema njia kati yako na tovuti imefungwa. Halisemi aliye upande wa pili ni nani. Mwizi naye ananunua kufuli. Watu walikuwa wanalielewa vibaya mpaka Chrome ikaliondoa kwenye kompyuta mwaka 2023.

Lipo tukio moja ambapo uchaguzi wa brauza kweli uliokoa watu, na sitaki mashabiki wa Chrome waseme nimewaficha. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi ya kutoa vyeti vya usalama, DigiNotar, ilivamiwa, na cheti bandia cha Google kikatumika kusoma barua pepe za watu Iran. Anwani za intaneti karibu 300,000 ziliguswa. Aliyegundua ni mtumiaji wa kawaida wa Iran, kwa sababu Chrome yake ilimpigia kelele, wakati huo ikiwa na kinga ambayo wengine hawakuwa nayo. Tofauti zipo basi. Ila brauza zote kubwa ziliikataa DigiNotar haraka baada ya hapo, kwa njia gani? Kwa sasisho.

Neno la haraka kuhusu dirisha la siri, lile la "incognito" ambalo vijana mnaliamini kupita kiasi. Linakuficha kwa dada yako anayeshika simu yako. Halikufichi kwa kampuni ya mtandao wala kwa tovuti unayoingia. Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kukusanya data za watu wakiwa humo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Na simu ikitoka mkononi mwako kabisa, brauza haina msaada: mwaka 2025 Citizen Lab walikuta programu ya FlexiSPY kwenye simu za watengenezaji wa filamu wa Kenya, iliyowekwa wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Simu ikichukuliwa, kumbuka tarehe na saa, na ikirudi usiitumie kabla haijaangaliwa na anayejua.

Saiba nayo. Nimewahi kukaa kwenye kompyuta ya saiba moja nikakuta barua pepe za watu watano bado ziko wazi, na brauza imehifadhi paswadi za eCitizen za nusu ya mtaa. Ukienda kufanyiwa maombi, andika paswadi mwenyewe, brauza ikiuliza "nihifadhi?" sema hapana, na usiinuke kabla hujajitoa kwenye akaunti. Hapo ndipo dirisha la siri lina kazi ya kweli: ukilifunga, akaunti inajifunga nalo. Mwenye saiba asikasirike. Hata yeye analindwa, siku mtu akiibiwa hataulizwa yeye.

Wikendi hii fanya simu yako, ni kazi ya dakika kumi. Kisha ukae na ya mama. Yake ina uwezekano mkubwa kuwa ile ya Android 8 uliyomwachia wewe, na itakuwa imejaa arifa za "simu yako ina virusi" kutoka tovuti alizozikubalia bila kujua. Ingia kwenye mipangilio ya brauza yake, sehemu ya arifa, uzizime moja moja. Ni nyingi, chukua chai kabisa.